Ukoka wa Kamla

Kama kuna mtu hapa Upanga aliyewahi kuubembeleza udongo kama watu wanavyombembeleza mkwe aliyenuna, basi ni jirani yangu Bhupendra. Tunatenganishwa na ukuta unaonifika kifuani, na dirisha la jiko langu linatazama uani kwake. Kwa hiyo sikusimuliwa na mtu. Nimeona mwenyewe, na pale nisipoona nilisikia, maana yule bwana hajui kunong'ona.

Mimi naitwa Badria. Nimezaliwa na kukulia Magomeni, na tangu nifiwe na mume wangu nakaa huku na binti yangu. Bhupendra yeye ni mtoto wa Kariakoo, alizaliwa chumba cha juu ya duka la vitambaa la baba yake, na khanga za harusi yangu nilizinunua dukani humo, yeye akiwa kijana mwenye nywele. Sasa nywele hazipo, kitambi kipo, na duka amemwachia mwanawe Ankit. Kiswahili chake ni kile cha sokoni, cha haraka na cha kupatana bei. Ana sifa moja aliyojulikana nayo mtaa mzima wa vitambaa: ukimpa kitenge akafumba macho, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, anakwambia kitachuja au hakitachuja. Basi akaamini kwamba dunia yote inapimwa namna hiyo.

Mkewe ni Kamla. Mrefu, mkavu wa mwili, maneno machache, na akikutazama unajikuta unaweka sawa ushungi wako. Uani kwao palikuwa na kipande cha ukoka si kikubwa, lakini laini, na kila asubuhi Kamla alitoka peku kwenda kuutembelea. Kabla hajatia mguu aliinama mpaka chini, akaweka kiganja kwenye ardhi, akakipeleka kwenye paji la uso. Ndipo akatembea, taratibu, mpaka kwenye ukuta wetu, akanisalimia na kunipa kikombe cha chai ya tangawizi juu ya ukuta. Siku moja nilimuuliza kule kuinama kwake ni kwa nini.

"Namwomba radhi ardhi," akasema. "Ni mama, nami nakwenda kumkanyaga siku nzima."

Bhupendra alikuwa kibarazani na gazeti lake. Akacheka, akasema ardhi yenyewe haijawahi kuja kulalamika dukani. Kamla akaendelea na matembezi yake. Mwanamke aliyekaa na mume muda mrefu hujua maneno yapi ayaache yapite.

Kisha Kamla akapata kiharusi. Ilikuwa jikoni, akaanguka kwenye vigae, na upande wa kushoto ukalegea wote. Akalazwa hospitali. Bhupendra alishinda huko mchana na kurudi jioni, na nyumba bila mke ikamfanya atafute kazi za kufanya. Akautazama ule ua, akakumbuka kwamba masika ikifika maji husimama pale, akawaza: mke wangu akirudi na mguu mmoja mzima, atateleza. Upande wa pili wa nyumba yake walikuwa wanachimba msingi wa ghorofa jipya, malori yanabeba udongo kutwa. Sasa nani asiyejua jiji hili? Watu huku wanaandika kwenye vibao kwamba wanahitaji kifusi, wanatafuta kifusi kama watu wanavyotafuta nyumba ya kupanga, na yeye kifusi kilikuwa mlangoni, tena cha bure. Akaomba malori mawili. Wakammwagia juu ya ukoka ulio hai, wakasawazisha, akanunua ukoka mpya akaupandikiza juu.

Nilimuuliza kama aliutazama ule udongo. Ulikuwa wa kijivu, unanata, umetoka chini kabisa ambako hata mzizi haujafika. Akanijibu kwamba cha bure hakikaguliwi. Mtu aliyewakagulia watu vitambaa maisha yake yote ndiye akanijibu hivyo. Lakini sikuwa na moyo wa kumsema, kwa sababu nilijua anamfanyia nani.

Kamla akarudi na ua ukiwa wa kijani, akafurahi. Furaha haikukaa. Mvua ya kwanza ikasimama juu ya ule udongo kama maji kwenye sinia, haina pa kupenya, na vyura wakahamia. Jua lilipotoka ukakauka, ukapasuka nyufa za kuingia kidole. Ukoka ukawa wa manjano, kisha haukuwa na rangi tena, ukafa.

Na hapa ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Alikuwa anakuja dada mmoja anaitwa Severa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mpole lakini hapindishi maneno. Alisema mguu wa Mama Ankit unaweza kurudi, ila sharti utembezwe kila siku, na utembezwe sasa, kwa sababu mguu unaokaa husahau kazi yake. Kamla akagoma kutembea ndani. Vigae vilimwangusha mara moja, akiviona tu mwili unakakamaa, Severa mwenyewe alimshika akausikia ule mtetemeko. Barabarani ni bajaji na mashimo. Akasema atatembea kwenye majani yake, sehemu pekee duniani ambayo akianguka haitamwumiza. Wakajaribu wakati wa mvua. Mguu mbovu ukazama kwenye tope hadi kifundoni, Bhupendra akauchomoa kwa mikono miwili, na Kamla akarudishwa kitini akiwa amefumba macho. Toka siku hiyo akawa wa kukaa kibarazani tu, na ule mguu nikauona unakonda wiki hadi wiki. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa kutazama.

Bhupendra akaingia vitani na udongo. Ankit alimshauri mchanga, na si yeye peke yake, maana mtu wa Dar ukimwambia una tatizo lolote la kiwanja atakwambia mwaga mchanga. Likaja lori. Bhupendra na kibarua mmoja wakauchanganya kwa sururu na chepe, jasho linawatoka, na yeye anaimba. Wakamwagilia, wakasawazisha. Jua likapiga. Ule mchanga na ule udongo wa mfinyanzi vikashikana vikawa kitu ambacho fundi wa sakafu angeringa nacho. Nikaangusha ndizi kutoka ukutani kwangu, ikadunda.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kibaraza, kibonge cha udongo mkononi, anakisugua kati ya vidole vile viwili vyake, macho ameyafumba.

"Bi Badria," akasema, "kitambaa kibaya unamrudishia aliyekuuzia. Hiki nimrudishie nani?"

Kicheko kikanikauka. Nikamwambia ninachokijua, ambacho si kingi. Marehemu mama yangu kule Magomeni alikuwa na kona nyuma ya nyumba, ngumu kama hiyo, akawa anatupa hapo maganda, majivu, makuti, chochote kilichooza, na baada ya muda mchicha uliota pale hata wapita njia waliuomba. Mama hakuwa bwana shamba. Alikuwa mvivu wa kwenda jalalani. Lakini nadhani udongo ule ulikuwa na njaa tu, na yeye akaulisha bila kujua.

Bhupendra akasikiliza kwa makini. Nikamwongezea kwamba nina vichwa vya samaki jikoni, kama anataka kuanzia navyo. Akaziba masikio kwa viganja. Nyumba ile haijapata kuingiza samaki wala nyama, akaniambia, na hata udongo wake hautakula. Nikamwambia sawa, basi aulishe mboga.

Akaulisha mboga. Kila asubuhi alikwenda Kariakoo, si dukani sasa bali sokoni, kwa wakamua miwa, kwa wenye ndizi, kwa wauza nazi, na wale waliomjua kama tajiri wa vitenge wakamwona anaokota makapi ya miwa na majani ya mgomba na makumbi, anajaza viroba, anapakia guta. Wengine walidhani amefilisika. Mmoja alimwendea Ankit dukani kumpa pole. Huku nyumbani akatoboa mashimo kwa mtarimbo, shimo kwa shimo kwa mistari iliyonyooka, anashindilia makapi, anafunika, anamwagilia. Mikono ya mtu aliyezoea hariri ikatoka malengelenge. Harufu nayo tuliivumilia, ingawa binti yangu alianza kupika madirisha yamefungwa.

Lakini udongo ule ulikuwa mlafi. Ulimeza viroba na haukuonyesha kushukuru.

Asubuhi moja viroba vikaja havinuki uozo. Vilinuka ubani na asumini. Nikachungulia, nikaona mashada ya maua yaliyonyauka, ya manjano na ya rangi ya chungwa, tele. Nikamwuliza ameyatoa wapi. Akageuka kutazama kibaraza, akaona kiti cha Kamla kitupu, akanikaribia ukutani na kufanya kile ambacho nimesema hakiwezi, yaani kunong'ona. Ni maua ya hekaluni. Yakishatolewa kwa miungu hayatupwi takatakani, hupelekwa majini, na yeye alikuwa mmoja wa wazee wenye zamu ya kuyapeleka baharini. Akawaza, bahari au ardhi, vyote si safi? Na humo hamna mfupa wala magamba. Ni chakula cha udongo kilichotakasika.

"Mwenzio anajua?" nikamwuliza.

"Akishatembea nitamwambia."

Nikamtazama usoni, nikaona anajua vizuri kwa nini hamwambii sasa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini yalikuwa mambo ya dini yao na ndoa yao, nami nikarudi kwenye sufuria yangu.

Basi yakaingia maua ya zamu baada ya zamu, pamoja na makumbi na makapi. Vuli ikanyesha, na safari hii maji yakasimama kidogo, yakazama. Siku moja aliniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nikatoka mbio. Alikuwa ameshika mnyoo kiganjani, mnyoo wa ardhi mwekundu, ananionyesha kama wengine wanavyoonyesha picha ya mjukuu. Niliuangalia, nikampongeza, nikaenda kunawa japokuwa sikuugusa. Akaupandikiza ukoka upya, na ukashika. Ukaenea, ukafunika mistari ya mashimo, ukawa mnene wa kuzamisha vidole vya miguu.

Kamla akatembea. Severa kushoto, Bhupendra kulia, mguu unaburuta mwanzoni, kisha unanyanyuka kidogo, kila asubuhi mbele kidogo kuliko jana. Hakuweza kuinama, mgongo na mguu havikumruhusu, kwa hiyo alinyoosha tu mkono kuelekea chini akaupeleka kwenye paji la uso. Alifika katikati ya ua. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta na kikombe kitupu, namngoja, na moyoni nasema pole pole ndio mwendo, mama, njoo.

Halafu yakaota. Miche midogo, majani yake yamechanika kama manyoya, ikichungulia kati ya ukoka. Kamla alisimama akaitazama. Bhupendra akasema ni magugu, yameletwa na upepo. Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote, kwa sababu mche mmoja ulifungua ua la rangi ya chungwa, galgota kama wanavyoliita wao, lile wanalotungia mashada. Na upepo gani huo unaopanda kwa mistari, kila penye shimo la mtarimbo? Kamla alikuwa ametunga mashada hayo tangu akiwa msichana. Akauliza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, haya yametoka wapi. Na Bhupendra, Mungu amjalie, hakudanganya mara ya pili.

Nilimwona Kamla akiunyanyua ule mguu mgonjwa, mguu ambao Severa alikuwa anauomba unyanyuke, akaunyanyua kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaomba arudishwe kitini. Siku zilizofuata hakukanyaga ukoka.

Bhupendra alimwita kasisi wa hekalu, kijana mwenye adabu, akaeleza kwamba ardhi ni safi, kilichorudi ardhini kimerudi. Kamla akamkaribisha chai, akamshukuru, akabaki kitini. Ankit akaja akaongea kwa hasira. Severa akaja akaongea kwa upole, akaupima ule mguu kwa mkono, nikaona uso wake umebadilika. Ikawa zamu yangu. Nikazunguka kupitia lango, nikakaa karibu naye, nikamwambia kwamba yale maua yameoza zamani, yeye anajitesa na kutesa watu kwa kitu ambacho hakipo. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, kwa sababu nilimpenda na nilikuwa nauona mguu wake.

Akanigeukia. "Badria, karatasi ya msahafu ikioza, wewe utaikanyaga?"

Sisi pia karatasi hizo tunazizika mahali pasipopita mguu wa mtu, au tunaziachia maji. Nilikaa naye mpaka adhana ikanitoa.

Nilipokuwa natoka nilimkuta Bhupendra langoni, ananingojea kama mtu anavyomngojea daktari. Nikamwambia hakuna wa kumbembeleza mke wake, kwa sababu hana kosa. Akainamisha kichwa. Akasema, "Basi nitayatoa."

Kesho yake asubuhi alianza. Hakuita kibarua. Akaleta chepe na beseni, akaanza kufukua ule ukoka aliouhangaikia, kuanzia kwenye shimo la kwanza la mstari wa kwanza, atoe maua yote yaliyomo ayapeleke baharini kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kamla kitini anatazama. Mimi ukutani natazama, chapati yangu inaungua na nikaiacha iungue. Chepe liliingia kwa urahisi, si kama zamani lilivyokuwa linaruka na kulia. Akafukua shimo, akapiga magoti, akachambua udongo kwa vidole. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Akafukua mstari mzima, akaanza wa pili. Beseni halikupata hata ua moja. Hapakuwa na shada, hapakuwa na uzi, hapakuwa na jani la mgomba wala kumbi. Palikuwa na udongo mweusi unaomeguka, na minyoo.

Akakaa chini pale pale, shati limeloa, na akalia. Mzee mzima, kwa sauti. Kisha akalijaza beseni ule udongo, akalibeba mpaka kibarazani, akaliweka mapajani mwa mkewe.

"Nimeyatafuta, hayamo," akasema. "Ukitaka nipeleke udongo wote baharini nitaupeleka. Nitapakia guta mpaka uishe. Niambie tu."

Na angeupeleka. Mtu yeyote aliyemwona siku ile anajua angeupeleka, beseni kwa beseni, mpaka ua ubaki shimo.

Kamla akatia mkono wake mzima ndani ya beseni. Akaunyanyua udongo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama alivyomwona mumewe akisugua vitambaa miaka yote. Akaunusa. Akachukua na mkono wa kushoto, ule uliolegea, akautia humo pia.

"Hii ni ardhi," akasema.

"Ndiyo."

"Maua nilikuwa sijui nitayaombaje radhi. Huyu najua namna ya kumwomba." Akamrudishia beseni. "Nipeleke, Baba Ankit."

Akampeleka mpaka ukingoni. Nilidhani atanyoosha mkono hewani kama siku zile nyingine. Akainama. Goti likatetemeka, mgongo ukagoma, ukakubali, na mumewe nyuma yake amefungua mikono kama mtu anayengoja kudaka mtungi. Akainama mpaka kiganja kikagusa chini, kikakaa hapo muda kuliko kawaida, halafu kikapanda kwenye paji la uso na kuacha alama nyeusi. Tangu aanguke jikoni kiganja chake hakikuwa kimeifikia ardhi. Kisha akatia mguu.

Siku hiyo hakufika ukutani. Alifika wiki zilizofuata, na kikombe cha chai kikanijia kimemwagika nusu, nikakinywa kilichobaki nikiwa nimegeuka upande ili asinione. Ile miche ya galgota Bhupendra aliihamisha yote kando ya ukuta, mahali pasipo njia ya mtu, na Kamla anatungia mashada yake hapo. Ile mistari aliyofukua imeshajifunika.

Severa anasema kule kuinama ni zoezi zuri kuliko yote aliyompa, na kwamba asingethubutu kumwomba. Kamla hakuiti zoezi. Kila asubuhi mumewe anamtoa hadi ukingoni na kusimama nyuma yake, mikono wazi, mpaka anyanyuke salama. Halafu, mkewe akishatangulia hatua chache na akidhani hakuna anayemwona, Bhupendra naye anainama, na kitambi chake, kwa shida, anaweka kiganja chini.

Simwulizi anaomba radhi ya nini. Kifusi kile kilimwagwa mbele ya dirisha langu.